Kamba ya Pili

Mama Kofia alinikabidhi leso iliyofungwa fundo, kwa siri, kama mtu anayempa mwenzake jino lililong'oka.

"Ifungulie chini ya meza, mwanangu," alisema, huku akiwatabasamia wageni wenzake waliokuwa wanapita na vikombe vyao vya chai.

Nikaifungua. Ndani mlikuwa na nusu ya biskuti ya tangawizi. Ukingo wake ulikuwa na michirizi midogo, miwili miwili, iliyonyooka kama iliyochongwa kwa patasi. Nikaifunika haraka kwa kiganja.

"Ilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya kitanda. Nilisikia kitu kinatafuna, nikadhani ni yule bwana wa chumba cha jirani anasaga meno."

"Umemwambia nani, mama?"

"Wewe tu. Na nakuomba ukae kimya mpaka niwaone wale ndege. Nimetoka mbali kwa ajili yao."

Alikuwa mwalimu mstaafu, na kofia yake ya manjano hakuivua hata mezani. Tangu tulipong'oa nanga hakuwahi kuniuliza habari za nyangumi wala sili. Aliuliza ndege tu. Kazi yangu kwenye boti ile ilikuwa kuwaongoza wageni na kuwaeleza kila wanachokiona, kutwa nzima, ndiyo maana wenzangu waliniita Kasuku. Mengi niliyoyasema niliyasema kwa sababu ya kazi. Habari za ndege wale nilizisema kwa sababu nisingeweza kunyamaza.

Ni wadogo, weusi mgongoni, weupe tumboni. Maisha yao yote wako juu ya bahari. Nchi kavu wanakuja kuzaa tu, na kati ya visiwa vyote vile vilivyotapikwa na volkano, wanakuja kisiwa kimoja. Wanachimba shimo kwenye majivu ya zamani, wanataga yai moja, basi. Ukitia mkono ndani, mama mtu anakuangalia tu. Hata kukudonoa hajui. Hajui kuogopa, kwa sababu pale kisiwani hakijawahi kukanyaga kitu chenye meno. Kisiwa cha jirani nacho kilikuwa na ndege kama hao. Meli moja ikavunjika pale enzi za babu zetu, panya wakaogelea mpaka nchi kavu. Leo ukipanda kule utakuta mlima mzima umetobolewa mashimo, na ndani ya mashimo mna upepo.

Sheria ya walinzi wa visiwa ilikuwa haina mlango wa nyuma. Boti yenye dalili ya panya haisogelei kisiwa cha ndege. Inageuza, inatoa taarifa kwa redio, inakwenda kukaguliwa, na kibali chake kinafungiwa. Na asubuhi ile sisi tulikuwa tumekielekea kisiwa hicho hicho. Kilele chake kilishachomoza mbele yetu, cheusi, kimevaa wingu.

Nikafunga leso, nikapanda chumba cha usukani.

Nahodha alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, ndiye aliyenifundisha kuogelea kwa kunitupa majini kisha kuruka nyuma yangu. Boti ilikuwa yake. Aliinunua ikiwa chombo cha kuvulia kilichooza mbavu, akaijenga upya kwa mikono yake, akaitia vyumba na madirisha ya duara, na hadi siku hiyo alikuwa hapiti mlangoni bila kuzipapasa mbao zake kama mtu anayepapasa shingo ya farasi.

"Mjomba, tuna panya."

Hakugeuka. "Nani kamwona?"

Nikaiweka biskuti mbele ya dira. Akaitupia jicho.

"Meno ya mgeni hayo."

"Mgeni gani ana meno ya hivi?"

"Hujawaona wanavyokula wakipigwa na hewa ya bahari?"

"Mjomba, tugeuze. Tuwaite walinzi."

"Njoo hapa." Alinivuta bega, akanielekeza dirisha la nyuma. "Ule weusi kule kusini unaona ni mlima? Ule ni upepo. Nikigeuza sasa, utatukuta maji wazi, tumeuachia ubavu, na wageni kumi na wawili ambao wengine hata ngazi ya kwenda kulala wanapanda kwa kushikwa mkono. Pa kujibanza ni mahali pamoja tu. Unapajua."

Nilipajua. Palikuwa ghuba ndogo, nyuma ya kisiwa cha ndege.

"Basi tuwaambie kwa redio kabla hatujaingia. Wajue wao cha kufanya."

"Wajue nini? Biskuti?" Sasa aligeuka. "Msimu ndiyo kwanza umeanza. Wakifungia kibali, Kipaza na injini yake atakula nini? Shangazi kule jikoni atakula nini? Wewe utawaongoza nani, mende?"

"Na ndege, Mjomba? Wao hawaulizi watakula nini. Wao ndio watakaoliwa."

"Usinipande kichwani."

"Sipandi. Nasema hivi: usipoishika redio wewe, nitaishika mimi."

Injini ilinguruma chini ya miguu yetu. Mjomba aliushika usukani kwa mikono yote miwili, ingawa bahari bado ilikuwa tulivu.

"Ukiigusa redio ile," alisema polepole, "usiniite mjomba tena. Humu ndani niite Nahodha."

Damu ilinichemka. Ningeweza kumwambia mengi, na yote yangekuwa makali. "Sawa, Nahodha. Nipe mpaka upepo ufike. Nikimpata panya, hakuna cha redio. Nisipompata, nitaongea nao, upende usipende."

Alirudisha macho mbele, nami nilichukua hilo kuwa ruhusa.

Wageni niliwapeleka sitaha ya mbele nikawaambia watazame maji, nyangumi wanapenda kupita hapa. Haukuwa uongo, ingawa siku hiyo sikuwa na haja na nyangumi. Kisha nikashuka jikoni.

Jikoni alitawala Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, lakini alitulisha na kututukana kwa haki sawa, kwa hiyo jina lilimkaa. Kipaza, fundi wa injini, alikuwa mlangoni anapangusa mikono. Tulimwita Kipaza kwa sababu alizungumza kwa kunong'ona. Miaka ya injini ilimwondolea imani kwamba kuna mtu atamsikia.

"Nipe unga, Shangazi," nikasema.

"Wa nini?"

Nikawaeleza. Shangazi akaweka mkono kifuani, akatazama sakafu kama panya yuko kati ya vidole vyake.

"Jikoni kwangu? Jikoni kwangu, Kasuku?"

"Sijasema kwako. Ndiyo tunatafuta."

Tukauchekecha unga sakafuni, mwembamba, kuanzia stoo ya chakula hadi chini ya oveni. Kipaza alikuwa amepiga magoti na chujio mkononi.

"Maisha yangu yote nafanya kazi kwa kuogopa kumwaga unga," alinong'ona. "Leo nimeagizwa niumwage."

Shangazi alicheka bila kutaka. Tukazima taa, tukafunga mlango, tukasubiri nje kwenye ujia, tumebanana kama viatu sandukuni. Oveni ilikuwa imewashwa; Shangazi alisema mkate hausubiri panya.

Tulipofungua, unga ulikuwa umeandikwa. Vidole vinne mbele, vitano nyuma, na katikati mstari mwembamba wa mkia. Alama zilitoka stoo, zikazunguka mguu wa meza bila haraka, zikaingia nyuma ya oveni. Hazikutoka.

"Oveni imefungwa ukutani kwa bolti," Kipaza alinong'ona. "Na ina moto. Mpaka ipoe."

"Zima basi."

"Mkate haujaiva," akasema Shangazi.

"Shangazi, mkate?"

"Watu kumi na sita watakula macho yako?"

Nikamgeukia Kipaza. Nilikuwa natafuta mtu wa kumlipukia, na yeye alikuwa karibu. "Kaingia na lile sanduku lako la matambara. Nilikwambia usilipandishe bila kulikung'uta."

"Sanduku langu lina dizeli, Kasuku. Panya akilala mle anaamka akiwa marehemu."

"Basi kapita kwenye kamba. Bandarini ulifunga ngao?"

Ngao tuliita zile sahani kubwa za bati, zenye tundu katikati na mpasuo wa kupitishia kamba. Boti ikifungwa gatini, kila kamba huvishwa ngao yake; panya akipanda kamba anakutana na ukuta wa bati, anarudi alikotoka. Sisi tulikuwa nazo mbili.

"Nilifunga," alinong'ona Kipaza. 

"Zote?"

Akafungua kinywa kunijibu. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, na ule mngurumo tuliouzoea ukapanda juu kama mtu anayekabwa. Kipaza alitoweka kabla sijageuza shingo.

Juu sitahani wageni walikuwa wanashangilia. Bahari yote mbele yetu ilikuwa imefunikwa mawe. Mawe ya kijivu, mepesi, yenye vitundu kama mkate, yakielea na kugongana taratibu. Volkano fulani ya chini ya maji ilikuwa imeyatema, na mkondo umeyaleta. Bwana mmoja aliyachota kwa ndoo, akampigia mke wake picha ameshika jiwe kubwa kuliko kichwa chake kwa kidole kimoja. Mimi niliyatazama mawe yale nikaona koo la injini. Maji ya kuipoza yanaingia kwa mrija chini ya boti, na mrija ulikuwa unakula kokoto.

Nyuma yetu kusini ilikuwa imeondoka. Hapakuwa na mstari kati ya maji na mbingu, palikuwa na pazia jeusi, na pazia linakuja.

"Wageni wote ndani, majaketi ya kuokolea mwilini," alisema Mjomba kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya mtu anayetangaza chakula cha mchana. Kisha akaniita mimi peke yangu, na sauti ikawa nyingine. "Injini imebakiza pumzi chache. Nazitumia zote kuingia ghubani."

Upepo ulitufikia mlangoni mwa ghuba. Ulitupiga mgongoni, ukatusukuma ndani kati ya kuta mbili za lava, nyeusi, zilizochongoka. Juu ya kuta, mteremko wa majivu, na mteremko wote umejaa mashimo. Sikuwahi kuyaona kwa karibu namna ile. Katika kila shimo, nilijua, kulikuwa na mama na yai moja, na wote wawili hawajui kwamba tumekuja.

Mjomba aliangusha nanga. Injini ikazimika bila kungoja amri.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye redio. Nikaishika. Mjomba alinitazama, maji ya mvua yakimtiririka kidevuni, na sikuona hasira usoni kwake, jambo lililonitisha zaidi.

"Shika," alisema. "Ongea nao. Lakini sikiliza kwanza."

Nikasikiliza. Chini ya boti kulikuwa na sauti ya chuma kinachoburutwa juu ya sahani. Nanga ilikuwa haishiki. Chini ya ghuba ile hapakuwa na mchanga. Palikuwa na lava iliyoganda, laini, na nanga ilikuwa inateleza juu yake, na upepo ulikuwa unashuka mlimani kwa zamu, mara ututupe kulia, mara kushoto.

"Kamba mbili," alisema Mjomba. "Moja kila upande. Kuna pete za chuma kwenye mwamba, walinzi walizipigilia kwa siku kama hii. Chukua kiboti cha mpira, zipeleke."

"Na ngao mbili."

"Na ngao mbili. Nimekataa?"

Nikairudisha redio mahali pake, nikakimbia nyuma. Sanduku la kamba lilikuwa na kamba zote mbili. Ngao ilikuwa moja.

Nilitoa kila kitu. Maboya, ndoana, turubai. Ngao moja.

"Nyingine iko wapi?"

Mjomba alimtazama Kipaza, aliyepanda juu na mafuta hadi viwikoni. Kipaza alinong'ona kitu, upepo ukakila.

"Sema kwa sauti, wewe!"

"Bandarini nilikuta moja!" Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake halisi, ilikuwa nyembamba. "Nilifunga iliyokuwepo! Nilidhani nyingine mmeitoa kuipaka rangi!"

Boti ilitupwa kulia, mwamba ukatusogelea karibu kiasi cha kuona chaza walioganda juu yake. Kipaza alikamata mfuniko wa sufuria, akaufunga kwenye kamba ya pili kwa waya. Upepo ukaung'oa mikononi mwake, ukauviringisha hewani, ukaupeleka zake.

"Peleka kamba," alisema Mjomba.

"Kamba moja. Ile yenye ngao."

"Moja haitoshi. Itatuzungusha mpaka ukutani."

"Ya pili ni daraja, Nahodha. Unamjengea daraja."

"Nina watu kumi na wawili humu ndani." Alinishika kifua cha jaketi, akanivuta hadi pua zetu zikakaribiana. "Ndege wako nawajua. Nilikuwa nawajua kabla hujazaliwa. Niambie nifanye nini na watu hawa, nami nitafanya. Niambie."

Mimi Kasuku, mwenye jibu la kila swali la kila mgeni, nilizitupa kamba zote mbili begani. Ngao moja niliitia kwapani.

Nikashuka kwenye kiboti. Kamba ya kwanza, yenye ngao yake, niliifunga mwamba wa kulia. Ya pili niliifunga mwamba wa kushoto kwa mikono yangu mwenyewe, na kila mzunguko niliouzungusha kwenye pete ile ulinikaba mimi. Kamba zikakaza. Boti ikatulia katikati, ikitetemeka kama mnyama aliyeshikwa masikio. Mjomba alinipungia mkono nirudi.

Sikurudi. Nilikipeleka kiboti chini ya kamba ya pili, karibu na mwamba, nikajishika kwenye ufa wa lava kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kasia. Miguuni nilikuwa na ndoo ya kukumbia maji. Nikainua macho kwenye kamba, sikuyashusha tena.

Kutoka pale niliona yote yaliyotokea juu. Kipaza alikuwa ameshuka kuzibua mrija wa injini. Mjomba alisimama nyuma ya boti, kati ya kamba zake mbili, mkono wake uko juu ya kigingi cha chuma ambacho kamba ya pili ilizungushwa. Mama Kofia, ambaye alitakiwa awe ndani na wenzake, alikuwa amejibanza mlangoni na darubini yake, kofia ameifunga kwa ukanda wa koti la mvua.

Kisha kukatoka moshi.

Ulitoka dirisha la jikoni, mweusi, ukaburutwa na upepo. Shangazi alikuwa ameuacha mkate ili awavalishe wageni majaketi, na mkate, kama alivyosema mwenyewe, haukusubiri. Nilimsikia akikohoa. Nikasikia mlango wa oveni ukigongwa. Halafu akatokeza nyuma ya boti, macho yanamtoka machozi, na mikononi, kwa taulo mbili, amebeba sahani kubwa ya duara, nyeusi kwa masizi, na juu yake mkate wa duara wenye tundu katikati.

"Nahodha," alisema. "Ile ngao mnayoitafuta."

Mjomba aliutazama mkate. Aliutazama muda mrefu, kwa mtu mwenye boti inayotaka kuvunjika.

"Ngao yangu umeigeuza trei?"

"Trei ya oveni ilipinda. Nilikwambia ununue nyingine ukasema kesho."

"Tangu lini?"

"Tangu tukiwa bandarini."

Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Kamba iliyokosa ngao bandarini, na kamba iliyokosa ngao sasa, zote zilikuwa zimelala chini ya ule mkate.

"Samahani, Nahodha," alisema Mama Kofia kutoka mlangoni, kwa adabu, kama anayeomba chumvi. "Yule pale."

Moshi ulikuwa umemtoa. Alipita ukingoni mwa sitaha, kahawia, mrefu, manyoya yamelowa yamemshika mwilini. Alifika kwenye kigingi, akanusa mkono wa Mjomba. Naapa alinusa mkono wake. Mjomba alipiga kofi, akapiga chuma. Panya alikuwa ameshapanda kamba ya pili.

Alitembea juu yake kama mtu anayekwenda kwake. Nilisimama ndani ya kiboti, nikainua kasia. Kiboti kikashuka na wimbi, kasia likakata hewa. Kamba ilikuwa juu mno. Nilingoja wimbi linipandishe, nikapiga tena, nikaigusa kamba, ikavuma, naye akajikunja, akashika kwa vidole vyote, akangoja mtikiso uishe. Akaendelea. Alikuwa ameshapita katikati. Juu ya kichwa changu, hatua chache kutoka kwenye pete, mteremko wa majivu ulianza, na mashimo.

"Mjomba!" niliita. Sikukumbuka kwamba nilikatazwa.

Hakuwa ananitazama mimi. Alitazama kamba, akatazama mwamba wa kulia, akatazama dirisha la duara ambalo nyuma yake nyuso za wageni zilikuwa zimepangana. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe.

"Kipaza," alisema, chini kwenye tundu la injini. "Nipe injini."

"Bado!"

"Nipe hivyo hivyo."

Akaikamata kamba ya pili pale kigingini, akaifungua mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, akaiachia.

Kamba ililia ikitoka. Ikaruka juu, ikamrusha panya hewani kama kokoto ya manati, ikaanguka majini. Na boti, boti ya mbavu alizozichonga mwenyewe, ikageuka kwa nguvu kuelekea mwamba wa kulia. Nikasikia mbao zikisaga jiwe. Sikuangalia. Niliutafuta mkia.

Aliibuka mbele ya kiboti, kichwa juu, anaogelea vizuri kuliko mimi. Nilipiga kasia, akazama. Akaibuka upande wa pili, karibu na mwamba, miguu ya mbele imeshagusa lava. Niliachia ufa, nikajitupa kifudifudi kwenye ukingo wa kiboti, nikamfunika kwa ndoo, yeye na jiwe na maji yote, nikasukuma kiganja chini yake. Aliniuma. Nilimshukuru, kwa sababu nilijua yuko ndani. Nikaipindua ndoo sakafuni mwa kiboti, nikaikalia.

Alikuwa anagonga chini yangu wakati injini ilipowaka. Ilikohoa, ikatapika maji ya kijivu, ikashika. Boti ilijivuta kutoka ukutani polepole. Ngazi ya kuogelea ilikuwa imekunjwa kama karatasi, na ubavu mzima umechunwa rangi mpaka kwenye mbao. Lakini mbao zilikuwa nzima. Nyuma ya madirisha ya duara, nyuso zote zilikuwepo.

Upepo ulituchezea mpaka alasiri, injini ikiwaka, kamba moja ikikaza na kulegea. Panya tulimfungua kwenye sinki. Kipaza alimmaliza kwa spana, haraka, kisha akamgeuza. Akanionyesha tumbo la panya kwa kidole. Chuchu zilikuwa zimevimba.

"Ana watoto," alinong'ona.

Oveni ilikuwa imepoa. Alifungua bolti, tukaivuta wote watatu. Nyuma yake, kwenye kona yenye joto, kulikuwa na kiota, na ndani yake vitoto vyekundu, vipofu, vimelaliana. Kiota kilikuwa cha karatasi zilizochanwa vipande vidogo vidogo. Nilizijua karatasi zile. Zilikuwa zangu, za maelezo ya ndege, nilizokuwa nawapa wageni nao wakazisahau chini ya viti.

"Angalau yuko mmoja aliyezitumia," alinong'ona Kipaza.

Shangazi alivikusanya kwenye bakuli, akampa Kipaza, akageuka kuosha sakafu ambayo ilikuwa safi.

Nilipopanda chumba cha usukani, nilikuwa nimeshapanga maneno. Mjomba alikuwa ameshika redio. Alinizuia kwa kiganja.

"Boti yangu, mdomo wangu," alisema. Kisha, kwenye redio, alitaja jina la boti, mahali tulipo, na sababu. Hakupunguza neno. Alisema panya alipanda bandarini, kamba haikuwa na ngao, na nahodha aliambiwa asubuhi akapuuza. Alisema tumemkamata mmoja na watoto wake, na hawezi kuapa kwamba hakuna mwingine. Upande wa pili wakaanza kuuliza maswali, naye akajibu yote akiwa amesimama wima, kama yupo mbele yao.

Jua lilipoinama upepo ukachoka, na ndege wakaja. Walitoka baharini kwa makundi, wakapita juu ya boti chini chini, tukasikia mabawa yao, wakajitupa mlimani kila mmoja kwenye shimo lake kana kwamba siku hiyo hakuna kilichotokea. Hakuna mgeni aliyeshuka. Mama Kofia alikaa mbele, darubini mapajani, hakuiinua hata mara moja.

Mjomba alikuja akasimama karibu nami, akaegemea ukingo juu ya ubavu uliochunwa. Mkononi alikuwa na kipande cha ule mkate.

"Wamesema nini?" nikauliza.

"Kibali kimefungiwa. Kesho wanakuja wenyewe na mitego, watatusindikiza. Wakikuta mwingine, boti inafukizwa dawa, msimu umekwisha. Wasipokuta, watafikiria."

"Pole, Nahodha."

"Nahodha wa nini? Boti haina kibali." Aliumega mkate vipande viwili, akanipa kikubwa.

Niliutia kinywani. Ulikuwa mweusi chini, na una ladha ya chuma.

"Mjomba," nikasema, "huu mkate umeungua."

"Kula," akasema.